Uliza Mwenyeji: Kabla hujaenda bichi Dar, jua kwanza maji yako wapi

Likizo ya mwezi wa sita inakaribia na maswali ya wanaotaka kuja Dar yamekuwa mengi kweli, nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kuliko mengine kwasababu linagusa kitu ambacho wageni wetu hawaambiwi na kila mwaka nakiona kinawaharibia safari, na wengine kinawapa hatari kabisa.

Swali: Habari mwenyeji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, shule zikifunga nataka kuja na wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi, ana miaka 71 na hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Mwaka 2022 nilikuja Dar kwenye semina, siku ya mwisho nikaenda Coco Beach kama saa tano asubuhi na hamu zangu zote, nikakuta mawe tupu na maji yako mbali huko, nikakaa nusu saa nikaondoka. Sitaki mama aje aone kile nilichoona mimi. Tutafikia kwa kaka yangu Mbagala, tuna siku tatu na hela yenyewe ya kubana. Tuanzie wapi? – Mwalimu, Dodoma

Jibu: Mwalimu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pili nikutoe hiyo huzuni, bahari ilikuwepo siku ile ila ulifika maji yakiwa yamekupwa, yani yameshuka na kurudi nyuma. Maji ya hapa kwetu yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kukupwa ni kama masaa sita na kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kulinganisha na jana yake. Ndo maana leo mtu anaenda sehemu saa tisa anakuta maji yamefika ukutani, anamsifia mwenzie, mwenzie anaenda wiki ijayo saa hiyohiyo anakuta miamba na mwani tu, anarudi anasema amedanganywa.

Mimi nimezaliwa Kigamboni na kwetu mtoto anajifunza maji kabla hajajua kusoma saa ya ukutani, na njia yenyewe ni rahisi sana hata haihitaji simu. Unaangalia mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yani tarehe za mwanzo na zile za 14, 15, 16 kwa kalenda ya Kiislamu, hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika mita tatu hivi. Siku hizo za bamvua hapa Dar maji yanakuwa yamekupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, alafu yanarudi yanajaa kama saa kumi jioni. Umeona sasa? Saa tano yako ya 2022 kuna uwezekano mkubwa iliangukia humo. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe za 7, 8 na 22 hivi, ni maji mafu, hapo inageuka, asubuhi saa nne ndo yamejaa na jioni yanakupwa, ila hayaendi mbali wala hayapandi sana, na kwa wazee na watoto siku hizo ni nzuri mno kwasababu bahari haina purukushani.

Kwahiyo kabla hujakata tiketi uliza mwezi una siku ngapi. Usipojua muulize jirani yako Muislamu au mpigie mtu yeyote wa pwani, atakuambia bila kufikiria. Watu wanauliza bichi gani nzuri, hoteli gani nzuri, nauli shingapi, hakuna anayeuliza maji, na maji ndo yanayoamua siku yako itakuwaje.

Na hili naomba ulichukue kwa uzito mwalimu, maana unakuja na watoto. Nikiwa darasa la sita alikuja binamu yetu kutoka Iringa, kijana wa miaka 14, anaogelea vizuri tu mtoni kwao. Maji yamekupwa, fungu la mchanga limejitokeza huko mbele, akatembea kwa miguu mpaka kule kuokota makombe. Sisi tuko ufukweni tunacheza. Baadae tukamuona anapunga mkono, tukadhani anatuita tukaone alichokipata, na sisi tukapunga. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu pembeni akainua kichwa mara moja tu akasema yule mtoto maji yamemzunguka, akatupa nyavu chini akakimbilia mtumbwi. Yani maji hayakumfuata kwa mbele kama anavyotegemea mgeni, yalipita nyuma yake kwenye mkondo, pale alipopita kwa miguu maji yakimfika magotini sasa kukawa na kina cha kumzidi na yanavuta. Alirudi mzima, lakini alikaa siku mbili hataki hata kuisogelea bahari, na mpaka leo nikiona familia imetoka bara imetawanyika huko kwenye mafungu na watoto wadogo naenda kuwaambia, hata wakiniona najipendekeza. Maji yakianza kuingia, rudini. Hakuna kombe lenye thamani hiyo.

Sasa siku zako tatu. Siku ya kwanza usimpeleke mama bichi, mpeleke pantoni, kile kivuko cha kwenda Kigamboni. Nendeni mjini asubuhi baada ya watu wa kazini kupungua, mfike Feri pale Magogoni, nauli ya mtu wa mguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, mpandishe mama juu au mtafutie sehemu ya pembeni penye upepo. Ni mwendo wa dakika chache tu lakini pale ndo mlango wa bandari, mlango wenyewe mwembamba, meli kubwa za makontena zinapita karibu mpaka unainua shingo, upande mmoja anaona majengo marefu na yale makanisa mawili ya enzi za Mjerumani, Azania Front na Mtakatifu Joseph, upande mwingine bahari imefunguka mpaka inapokutana na mbingu. Mzee aliyezoea kuona ardhi tu maisha yake yote akiona pale hasemi kitu, ananyamaza. Bibi yangu mzaa mama alitokea Kilosa na mara yake ya kwanza alivuka akarudi akaomba avushwe tena, na tulimvusha, ni mia mbili tu.

Siku ya pili ndo bichi, na kwa nyie mnaotoka Mbagala hamna haja ya kurudi mjini kabisa, mnatokea Kongowe mnaingia Kigamboni mpaka Mjimwema. Ufukwe wa upande ule ni mchanga, Coco kuna miamba mingi na maji yakikupwa ndo kama ulivyoona. Sehemu nyingi zina kiingilio au wanataka mnunue chakula na kinywaji kwao, uliza bei kabla hamjaketi na uliza kama mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Kama ni bamvua nendeni saa saba saa nane mchana maji yanakuja, kama ni maji mafu nendeni asubuhi. Mama mpe kiti karibu na pale mawimbi yanapoishia, kanga ya kujifunika, avue viatu, mwache maji yamfuate yenyewe miguuni. Mwambie aonje chumvi, wote wanadhani tunawatania. Watoto wasivuke kiuno na mkono wako uwe umewashika, usimwachie kaka yako kwa kuwa ni mwenyeji, wenyeji wengi wa Dar hawajui kuogelea.

Siku ya tatu ya watoto wa shule, Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, wakaone habari za Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai 1959, na nguvu ikibaki Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo kwenye nyumba za makabila, ule msonge wa Wahaya tu unatosha kuwafanya wakuulize maswali njia nzima. Coco nayo usiisusie, kaipitie jioni kwa ajili ya mihogo, ile ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, pale huhitaji maji yawe popote.

Swali: Mambo vipi. Mimi na mchumba wangu ni wa Njombe, tunafunga ndoa mwezi wa kwanza mwakani na fungate tunataka tuje Dar mwezi wa pili, tuende na visiwani, tumesikia Mbudya na Bongoyo. Wote wawili hatujui kuogelea. Alafu watu wanatutisha kuhusu joto, ni kweli? – Bwana harusi mtarajiwa

Jibu: Hongereni sana mdogo wangu. Joto ni kweli na kwa mtu wa Njombe nisikufiche, mwezi wa pili ndo wenyewe, nyuzi 32 mchana na unyevu juu yake, usiku haupoi kama kwenu, unalala na feni na shuka unalisukuma. Upepo wa kaskazi ndo unaokuwepo kipindi hicho. Na jua la Dar linakaribia utosini, mwanzoni mwa mwezi wa tatu linapita juu kabisa ya kichwa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, na kilele chake hapa ni kama saa sita na nusu mchana. Watu wa nyanda za juu wanaungua mabega na pua siku ya kwanza alafu fungate nzima hawataki kuguswa, sasa hiyo ni fungate gani. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa kaeni kivulini, vaeni kofia na nguo nyepesi ya mikono, kunyweni maji na madafu hata kama hamna kiu. Masweta yaacheni stendi ya Njombe.

Ila kwa visiwani mmechagua vizuri, ni kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu. Bongoyo boti zinatokea Slipway pale Msasani, Mbudya watu wanatokea Kunduchi. Mimi naipenda Mbudya zaidi, ina ufukwe mweupe, ina mibuyu, vibanda vya makuti vya kukodi, na samaki anakaangwa palepale. Vyote viwili vipo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975 kwahiyo kuna ada ya kuingia tofauti na hela ya boti, na raia anatozwa tofauti na mgeni wa nje, bebeni vitambulisho. Msichukue makombe wala matumbawe. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha.

Kutokujua kuogelea sio sababu ya kutokwenda, lakini panda boti yenye laifu jaketi kwa kila mtu na uivae kabla boti haijaondoka, usikubali kuambiwa zipo chini ya siti. Ikiwa boti imejaa kuliko unavyoona ni sawa, shuka, subiri nyingine, mkeo atakuelewa. Nendeni asubuhi mapema na mkubaliane saa ya kurudi, mchana ukisogea upepo unaongezeka na bahari inachafuka, wasioizoea wanatapika. Na kule kwenye maji vaeni ndala za kushika mguu, kuna wale wadudu weusi wa miiba kwenye mawe, ukiukanyaga mwiba unakatikia ndani ya nyama.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama lishe Morogoro, nakuja Dar kwa siku moja nataka ninunue samaki Feri nirudi nao. Nitajuaje wazuri na sitapigwa bei? – Mama Lishe

Jibu: Marahaba mama, ila wewe ndo wa kuamkiwa na mimi. Feri ni alfajiri mama, ukifika saa nne umekuta waliochoka na bei ya mtu wa tatu. Ingia na mtu anayepajua mara ya kwanza kama unaweza. Pale mnadani wanauza kwa mafungu makubwa, wewe wa siku moja nunua kwa wachuuzi wa mezani au jiungeni wanawake wawili watatu mnunue fungu mgawane, wengi wanafanya hivyo. Angalia jicho, liwe limejaa linang'aa, likizama muache. Funua mashavu yawe mekundu. Bonyeza nyama, ikibaki shimo ujue amelala huyo. Usinunue aliyekatwakatwa tayari kama hukumuona mzima. Kwa biashara yako changu na kibua vinakaangika vizuri na havikuui mtaji, kolekole na nguru ni wa mteja mwenye hela.

Na hapa narudi kwenye mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, kwahiyo siku za mwezi mpevu utakuta wachache na bei iko juu. Kama unataka dagaa njoo zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Vijana wa kupaa samaki wapo palepale, elewana nao bei kabla hawajagusa kisu, na wakaangaji pia wapo. Kwa safari ya Morogoro mimi ningekaangisha nusu kabisa, nusu nyingine ibaki mibichi kwenye boksi la foma lenye barafu na kifuniko kimezibwa vizuri. Kikapu chako beba mwenyewe, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2019.

Swali: Sasa mimi ni mtu wa Mombasa, bahari ninayo, madafu ninayo, joto ninalo. Nije Dar nifuate nini? – Mwana wa Kisauni

Jibu: Ndugu yangu karibu, maji sikufundishi. Njoo ufuate vitu vya kwenu vilivyoko huku. Pale Samora Avenue kuna sanamu ya Askari ya mwaka 1927, na unajua nanyi mnayo ya kwenu, na Nairobi wanayo, zote ni za ukumbusho wa Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia. Ya kwenu wamesimama wengi, yetu ni mmoja, bunduki mbele imeelekea bandarini. Kutoka pale tembea mpaka Kariakoo, jina limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita hiyohiyo, waliochukuliwa kubebeshwa mizigo ya jeshi na wengi hawakurudi kwao. Watu wananunua mashuka na simu pale kila siku bila kujua wanakanyaga wapi, mimi huwa inaniuma. Kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga mji wake miaka ya 1860 hapa palikuwa na kijiji kinaitwa Mzizima, jina hilo bado utalisikia. Panda pantoni letu ulinganishe na Likoni, ila huku kwa miguu unalipa. Na jioni kaa kwenye meza ya pweza, unywe supu yake, alafu utuandikie kama ya kwenu inaizidi.

Swali: Nitashuka stendi ya Magufuli Mbezi saa mbili asubuhi, basi langu la kwenda mbele ni saa kumi na moja jioni. Muda huo naweza kuiona bahari au nikae tu stendi? – Msafiri, Kahama

Jibu: Unaweza, ila usiende bichi. Acha mzigo sehemu ya kuhifadhia mizigo na uchukue risiti, hela na simu weka mfuko wa mbele. Tafuta usafiri mpaka Kimara, pale panda basi la mwendokasi la Kivukoni ushuke mwisho kabisa, ukitoka nje bahari iko mbele yako na harufu ya samaki itakuonyesha Feri ilipo. Kula samaki wa kukaanga na ugali, vuka na pantoni uende urudi. Ukimaliza tembea barabara ya Kivukoni kwenye miti, upande wa maji, pana upepo na utaona boti za Zanzibar zikiingia. Atakayekuambia anakupatia tiketi ya boti kwa bei ya chini mpite tu. Saa saba na nusu uwe umeshapanda mwendokasi la kurudi, sio saa tisa, foleni ya jioni kuelekea Mbezi haina huruma na basi lako halitakusubiri.